Pikapu Inayopiga Stata Bila Kuwaka

Stata ikizungusha injini kwa kasi ya kawaida lakini injini isiwake, swali la kwanza limeshajibiwa: stata ni nzima na betri ina nguvu. Yamebaki mambo matatu ya kukagua, yaani cheche, mafuta, na mgandamizo unaotokea kwa wakati wake. Kuyakagua kwa utaratibu humwokoa mwenye gari na gharama ya kununua koili, plagi na pampu kwa kubahatisha. Mfano mzuri ni Toyota Hilux za miaka ya 1980, hasa zenye injini ya petroli ya 22R inayotumia kabureta, au ya dizeli ya 2L.

Cheche

Kwenye injini ya petroli, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi nyingine nzima, kisha plagi hiyo iguse chuma cha injini mbali na kabureta. Ishikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira huku mwenzako akipiga stata. Cheche nzuri ni ya bluu na husikika ikilia. Isipotoka, jaribu waya mnene unaotoka kwenye koili. Cheche ikipatikana hapo, kagua rota na kifuniko cha distributa: ufa, kaboni au unyevu, ambao ni kawaida wakati wa masika. Ikikosekana hapo pia, pima umeme unaoingia kwenye koili, kisha kagua ignita. Kama nyaya ziliwahi kuchomolewa, hakikisha zimerudishwa kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Mafuta

Geji ya gari kuukuu si ya kutegemea. Kabureta ya 22R ina kidirisha kidogo cha kioo kinachoonyesha kiwango cha petroli. Kikiwa kikavu, kata kwanza umeme wa koili na usiruhusu moto karibu. Kisha chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa na upige stata kidogo. Petroli itoke kwa kuruka-ruka. Isipotoka, chunguza filta, mpira uliopasuka unaovuta hewa, halafu pampu. Plagi zikiwa zimelowa, petroli imezidi: kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho bila kuiachia, kisha piga stata.

Dizeli

Dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Tazama bomba la moshi stata inapopigwa. Moshi mweupe una maana kwamba mafuta yanafika lakini hayawaki, kwa hiyo kagua hita plagi, kisha mgandamizo. Moshi usipotoka kabisa, mafuta hayafiki: filta imeziba, hewa imeingia kwenye njia ya mafuta, au solenoidi iliyo kwenye pampu ya noseli haipati umeme. Solenoidi nzima hutoa mlio mdogo ufunguo unapogeuzwa.

Mgandamizo na taimingi

Injini inayozunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila kusikika ikikaza na kulegea, huenda imekatika mkanda au cheni ya taimingi. Kwenye 22R fungua kifuniko cha distributa: rota isipozunguka wakati wa kupiga stata, cheni ndiyo ya kushukiwa kwanza. Injini ya 2L hutumia mkanda. Dalili hizi zikionekana acha mara moja kupiga stata, maana pistoni zinaweza kugonga na kupinda valvu.

Tahadhari

Stata isipigwe mfululizo zaidi ya sekunde 10, ipumzishwe ipoe. Kusukuma gari husaidia pale betri inapokuwa dhaifu. Injini ambayo tayari inazungushwa vizuri na stata haipati chochote kipya kwa kusukumwa, na kama mkanda umekatika, kusukuma huongeza uharibifu. Kilichokosekana ni cheche, mafuta au mgandamizo, na kila kimoja kina kipimo chake.