Daraja Tuli na Daraja Lisogealo: Chimbuko la Kiunzi cha Mashine ya Kuchongea Mbao ya Nyumbani

Katika mashine ya kuranda chuma aliyoiunda Richard Roberts huko Manchester mwaka 1817, kilichosogea ni meza. Daraja, yaani boriti ya juu inayobeba kisu, lilikazwa palepale. Uthabiti huo ulidai nafasi: kwa mpangilio huo, ubao wa futi 8 unahitaji kiunzi cha karibu futi 16. Ted Hall wa Marekani, aliyetaka kukata plaiwudi ya mashua kwa kuongozwa na kompyuta, aliutuliza ubao akasogeza daraja. ShopBot yake ilianza kuuzwa mwaka 1996. Nafasi iliokolewa, lakini udhaifu ulihamia darajani, ambalo sasa lilipaswa kuwa jepesi bila kupinda. Waundaji wa nyumbani waliurithi mvutano huo, na wengi hukosea kwa kuongeza upana wa boriti, ilhali kuongeza kimo chake maradufu huongeza ukakamavu mara 8.