Kiungo kinapoungwa

Kwenye stendi za bodaboda, kutoka Migori hadi Homa Bay, aliyevunjika mguu akapasuliwa husemwa "amewekewa vyuma". Vitabuni tunahimizwa kusema vipandikizi. Mimi nachagua vyuma. Kupandikiza ni kuhamisha mche ili uote, na chuma hakioti. Kinachoota ni mfupa.

Neno linalonishughulisha zaidi ni kiungo. Limetokana na kuunga, ingawa kiungo cha mwili huunga mifupa huku kikiiacha icheze. Kifundo cha mguu kikiharibika hadi gegedu likaisha na kila hatua ikawa maumivu, daktari wa mifupa anaweza kukwangua gegedu lililobaki na kuibana mifupa ishikane daima. Huko ndiko kuunga hasa, na kiungo hakiwi kiungo tena.

Anayebuni vyuma vya kuibana mifupa hiyo ana kazi nzito. Mwaka 1951 John Charnley wa Uingereza alieleza namna ya kukibana kifundo kwa pini na fremu ya nje. Leo hutumika skrubu, bamba, au msumari mrefu unaopitishwa kisiginoni hadi ndani ya mfupa wa muundi. Vyote lazima vibane, vizuie mzunguko, na viushike wayo kwenye takriban digrii 90 na muundi, maana mfupa ukishashikana vibaya kuurekebisha ni upasuaji mwingine.

Basi kabla hajatia sahihi, mgonjwa aambiwe waziwazi: kifundo hiki hakitakunjika tena. "Tutaunga mguu" haitoshi. Hata aliyevunjika mfupa tu huambiwa maneno hayo hayo, "tutaunga mguu".