Bulamatari na Fundi wa Mji: Historia ya Kazi za Ufundi wa Umma katika Komini ya Shituru, Likasi

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Katanga, serikali ya kikoloni iliitwa Bulamatari. Asili ya jina hilo ni lugha ya Kikongo, na maana yake ni mvunja mawe. Aliyepewa kwanza ni Henry Morton Stanley, ambaye kuanzia mwaka 1879 alisimamia upasuaji wa miamba na ukataji wa njia karibu na maporomoko ya mto Kongo. Baadaye jina likahamia kwa dola aliyosaidia kuiunda. Jambo hili linastahili kuzingatiwa. Wananchi hawakuiita dola hiyo mtunga sheria wala mwamuzi, bali waliiita kwa kazi waliyoiona kwa macho yao: kuvunja mawe, kufungua njia, kuelekeza maji.

Makala haya yanakusudia kuchunguza ni nani hasa aliyeifanya kazi hiyo Shituru, mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi pamoja na Likasi yenyewe, Kikula na Panda. Mtu anayehusika ni fundi mkuu wa komini, yaani mtumishi aliye chini ya mhandisi na juu ya kapita, anayepima ardhi, kuchora mitaro, kukadiria vifaa na kusimamia vibarua. Hoja ya msingi ni kwamba katika Shituru kazi za umma zilishikwa na kampuni tangu mwanzo, hivyo madaraka ya kisiasa yalipokabidhiwa kwa wananchi, zana, ramani na ujuzi havikukabidhiwa pamoja nayo. Matokeo ya hali hiyo yanaonekana hadi leo kila masika yanapoingia.

2. Mji uliozaliwa na kiwanda

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove kwa kupitia eneo la Likasi. Kuanzia hapo eneo hili likawa kiini cha usafishaji wa shaba. Mji uliokua hapo uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, ukarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966.

Shituru ilipata sura yake mwaka 1929, kiwanda cha kusafishia shaba kwa njia ya umeme kilipoanza kazi. Katika kiwanda hicho mawe yenye shaba husagwa, unga wake huloweshwa katika asidi ya salfuriki, kisha mkondo wa umeme hupitishwa katika maji hayo hadi shaba safi ijigandishe juu ya mabamba. Kazi hiyo inadai vitu vitatu kwa wingi: asidi, maji na umeme. Umeme ulitoka katika bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira, lililoanza kutoa nguvu mwaka 1930 na kuzaa ziwa Tshangalele. Kwa hiyo mabomba, nyaya na barabara za kwanza za Shituru zilichorwa kwa kufuata mahitaji ya kiwanda. Makazi ya watu yalifuata nyuma.

Makazi hayo nayo yalikuwa mali ya kampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliacha mtindo wa kuajiri vibarua wa miezi michache, ikaanza kuwafunga kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kuja na wake zao. Watu waliletwa kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Ili wasife wala wasitoroke, kampuni iliwajengea kambi zenye njia zilizonyooka, mabomba ya maji, zahanati na shule. Usafi wa mitaro ulikaguliwa kama mashine zilivyokaguliwa, kwa kuwa maradhi yalipunguza nguvu kazi. Hivyo kazi ambayo kwingineko ingekuwa ya serikali ya mtaa, Shituru ilikuwa tawi la uzalishaji wa shaba.

3. Kapita, fundi na mhandisi

Msamiati wa Kiswahili cha kambini unaonyesha ngazi ya watu katika kazi hiyo. Chini kabisa alikuwapo kibarua. Juu yake alikuwapo kapita, neno lililotokana na Kireno na kuingia bara pamoja na misafara ya biashara. Kazi yake ilikuwa kuhesabu watu na kuwahimiza. Kisha alikuja fundi, neno la pwani lenye heshima ya kale, ambalo humtaja mtu anayejua siri ya chombo na anayeweza kumfundisha mwingine. Juu ya hao alisimama Mzungu mwenye cheo cha mhandisi, na cheo hicho watu walikitaja kwa neno la Kifaransa. Ngazi tatu za chini zilikuwa na majina ya Kiswahili; ya nne haikuwa nalo. Mpaka wa lugha ulikuwa pia mpaka wa rangi.

Hata hivyo, mpaka huo haukuwa sawa na ule wa Afrika Kusini, ambako sheria ya mwaka 1926 iliwazuia Waafrika kupata hati za kuendesha mitambo fulani migodini. Katanga haikuwa na sheria ya namna hiyo. Kinyume chake, kampuni iliona kuwa Mwafrika aliyefundishwa aligharimu kidogo kuliko fundi aliyeletwa kutoka Ubelgiji, ikawafundisha wengi kushika mashine. Walichonyimwa ni cheo, mshahara unaolingana nacho, na haki ya kusoma michoro yote. Fundi alijua bomba lilipopita kwa sababu alilizika yeye mwenyewe. Ramani ilibaki katika kabati la ofisi.

Uchungu wa hali hiyo ulijitokeza mwaka 1941. Wafanyakazi wazungu waligoma kwanza. Mwanzoni mwa Desemba wafanyakazi Waafrika wa Jadotville nao wakagoma wakidai nyongeza ya mshahara, na mgomo ukaenea hadi Elisabethville, ambako tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira. Haki ya Waafrika kuunda vyama vya wafanyakazi ilipatikana mwaka 1946 tu.

4. Komini isiyo na zana, 1957 hadi 1967

Dikrii ya tarehe 26 Machi 1957 iliweka utaratibu mpya wa miji. Desemba mwaka huohuo uchaguzi wa kwanza wa komini ulifanyika katika miji mitatu tu ya Kongo: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Kwa mara ya kwanza Mkongo alivaa utepe wa burgumestri. Miongoni mwa waliopata wadhifa huo Jadotville alikuwa Victor Lundula, ambaye Julai 1960 aliteuliwa kuwa mkuu wa jeshi la taifa.

Lakini juu ya maburgumestri hao alikuwapo burgumestri wa kwanza, Mbelgiji aliyeteuliwa na serikali, na mambo ya ufundi yalibaki mikononi mwake na mwa kampuni. Burgumestri wa komini aliweza kuandika kwamba mtaro umeziba. Hakuwa na fundi wa kumtuma wala gari la kubebea changarawe. Katika utumishi wa serikali nako, Waafrika walikuwa wasaidizi tu hadi kanuni moja kwa watumishi wote ilipotangazwa mwaka 1959. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nafasi za ngazi tatu za juu serikalini zilizidi 4,000, na Wakongo waliozishika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe. Katika sehemu nyingine za Kongo mafundi wa Kibelgiji walikimbia kwa pamoja, na Wakongo wakalazimika kushika nafasi zao usiku mmoja. Katanga wengi walibaki. Viwanda havikusimama, lakini fundi wa Kikongo alikawia kupanda ngazi. Vita navyo viliipitia Jadotville: Septemba 1961 kikosi cha Ireland cha Umoja wa Mataifa kilizingirwa hapo siku kadhaa na kusalimu amri, na Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliuingia mji. Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière zilitaifishwa, ikaanzishwa kampuni ya taifa ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Bendera ilibadilika, lakini mtaro wa Shituru uliendelea kusafishwa na kampuni ileile kwa jina jipya.

5. Kazi yenyewe na wenyewe wake wengi

Inafaa kueleza kazi ya fundi mkuu ni ipi hasa, maana ni rahisi kuidharau. Likasi imejengwa katika nchi ya vilima, yapata mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake huanguka karibu yote kati ya Novemba na Machi. Maji ya miezi hiyo michache lazima yapate njia. Mtaro ukilala mno, maji hutulia, mchanga huzama na njia huziba. Ukiinamishwa mno, maji hukimbia, hula kingo na kuchimba korongo linaloweza kumeza barabara na nyumba. Fundi hupima mteremko kwa chombo cha usawa, huweka ngazi za mawe pale maji yanapohitaji kupunguzwa kasi, huchagua upana wa karavati chini ya njia, na huhakikisha mitaro imezolewa kabla ya mvua ya kwanza. Kazi iliyofanywa vyema haionekani. Kazi iliyoachwa huonekana na kila mtu.

Shituru ina ugumu wa pekee, kwani maji yake hupita jirani na kiwanda cha asidi na metali. Mito inayopita karibu na viwanda vya Likasi huishia katika Lufira na ziwa Tshangalele, ambako uchunguzi wa kisayansi wa karne hii umekuta metali nyingi majini na katika tope. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha matokeo yaliyoonyesha kiwango kikubwa cha kobalti katika mikojo ya wakazi wa maeneo ya migodi na viwanda ya Katanga. Kwa hiyo mtaro wa Shituru si njia ya maji tu. Ni jambo la afya ya mtoto achezaye kando yake.

Dola ya baada ya uhuru iliigawa kazi hiyo kwa idara nyingi. Maji yalikuwa chini ya Regideso, iliyoanzishwa mwaka 1939. Umeme ulipewa SNEL, iliyoundwa mwaka 1970. Barabara kuu zilipewa Ofisi ya Barabara mwaka 1971, na barabara za mijini pamoja na mitaro zikapewa ofisi nyingine, OVD, mwaka 1987. Zote zilikuwa na makao makuu Kinshasa. Komini ilibakiwa na nguvu za mikono ya wananchi, zilizoitwa kwa ajili ya salongo, yaani kazi ya lazima ya pamoja ya enzi ya Mobutu. Wahenga walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtaro wa Shituru ulikuwa na manahodha watano, na fundi wa komini hakuwa mmoja wao.

6. Kampuni ilipoanguka

Mgawanyo huo haukuumiza sana maadamu Gécamines ilikuwa na nguvu. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulienea nchini. Na mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Kampuni isiyoweza kulipa mishahara haikuweza kuzoa mitaro.

Hasara ya vitu iliambatana na hasara ya watu. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walikaa wiki na miezi wakisubiri treni katika stesheni ya Likasi, wakiwa katika njaa na maradhi, na wengine walifia hapo. Watu hao walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioletwa na kampuni katika miaka ya 1920, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wengi. Fundi anapoondoka bila kukabidhi kazi, huondoka na kumbukumbu ya mahali lilipo kila bomba, kwani ndiyo ramani pekee aliyopata kuimiliki. Kisha mwaka 2003 na 2004 mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia uliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines kwa malipo ya mara moja.

Ni wakati huo sheria ilipoirudia komini. Katiba ya mwaka 2006 na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ziliitambua komini kuwa chombo kinachojitawala, chenye wajibu juu ya njia zake, mitaro yake na usafi wake. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 ilizitengea serikali za mitaa zinamochimbwa madini asilimia 15 ya mrabaha. Hivyo fedha za shaba ziliwekewa mkondo wa kisheria unaofika mtaani bila kupitia kwanza katika hisani ya kampuni. Hata hivyo, sheria haiwezi kumzaa fundi, na fedha haziwezi kuchora mtaro.

7. Hitimisho

Historia ya Shituru inaonyesha kwamba madaraka ya mtaa yana sehemu mbili. Ya kwanza ni haki ya kuamua, ambayo wananchi walianza kuipata mwaka 1957. Ya pili ni uwezo wa kutenda, ambao ulibaki kampuni, ukahamia Kinshasa, na mwishowe ukatawanyika pamoja na mafundi wenyewe. Anayetaka kuujenga upya hana budi kuanza na mambo madogo: kumpa fundi mkuu wa komini cheo kinachoeleweka, kuchora upya ramani ya mabomba na mitaro wangali hai wazee walioizika, na kuiweka ramani hiyo katika ofisi ya komini.

Hapo lugha nayo ina la kufanya. Ujuzi wa Shituru ulihifadhiwa kwa miaka mingi katika Kiswahili cha mafundi, ilhali michoro iliandikwa kwa Kifaransa. Kukusanya msamiati wa mafundi hao kabla haujapotea ni kazi ya wanaisimu, na ni kazi yenye faida hata kwa mchimba mtaro. Wananchi walimpa mkoloni jina la mvunja mawe. Mawe yenyewe yalivunjwa na baba zao.