Simu katika Mtaa wa Malindi, Unguja: Chombo, Neno na Maandishi Yake

Waraka ni nusu ya kuonana, ndivyo wasemavyo watu wa Pwani tangu kale. Methali hiyo yatoa kipimo ambacho kwacho kila chombo cha kupashana habari kilichofika Unguja chaweza kupimwa: kilimsogeza mtu karibu na mwenziwe kadiri gani, kilimsogeza nani, na kilibakisha nini baada ya maneno kwisha. Makusudi ya makala haya ni kuieleza historia hiyo kwa kuutazama mtaa mmoja, yaani Malindi, ulioko upande wa kaskazini wa Mji Mkongwe wa Unguja. Jina lake ni moja na la mji wa pwani ya Kenya, lakini habari zake ni mbali.

Mtaa huo waelekea bandari. Hapo ndipo zifungapo meli na boti za abiria, hapo ndipo majahazi yatiapo nanga, na hapo ndipo lilipo soko la samaki. Kwa sababu hiyo habari za nchi za nje aghalabu ziliwafikia watu wa Malindi kabla ya kuwafikia watu wa shamba, nao wakazoea kuishi kwa kungoja kinachotoka baharini.

Katika zama za matanga, mwendo wa barua ulifuata mwendo wa upepo. Majahazi ya Uarabuni na ya Bara Hindi yalikuja na kaskazi, kati ya Disemba na Machi, yakarudi kwao na kusi. Mfanyabiashara aliyempelekea mwenziwe wa Maskati waraka kwa jahazi la kusi hakutazamia jawabu mpaka kaskazi nyingine. Waraka wenyewe, hata ulipokuwa wa Kiswahili, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukaanza kwa salamu ndefu, kwa dua, na kwa kuulizia hali za watu wa nyumbani mmoja mmoja. Urefu huo ulikuwa na maana yake, kwani mtu aliyengoja miezi mingi hakuona uzito kusoma ukurasa mzima wa salamu.

Mwaka wa 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kufika Unguja kutoka Aden. Mwaka wa 1875 posta ya Serikali ya India ilifunguliwa mjini, ikafanya kazi hata mwaka wa 1895, ilipochukuliwa na serikali ya Unguja yenyewe. Muda wa kungoja ulipungua ukawa wa majuma, lakini waraka ulibaki waraka: karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ikafungwa, ikachukuliwa na chombo.

Badiliko kubwa lilikuja kwa sababu isiyowahusu watu wa Unguja hata kidogo. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari hizo zilichukua yapata majuma matatu kufika London. Serikali ya Uingereza ikaona hatari ya kuwa mbali na vita vyake yenyewe, na kabla ya mwaka ule kwisha waya wa simu ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea mpaka Msumbiji na Durban. Kampuni iliyoushughulikia ilipewa kisiwa cha Bawe, magharibi ya mji, kiwe kituo chake. Basi Unguja ikawa na simu mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Lakini waya ule ulipita Unguja kama msafiri apitavyo kijijini, akanywa maji, akaendelea na safari yake.

Nani basi aliyefaidi? Mambo ya Agosti 1896 yatoa jawabu. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25, Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Balozi wao akapiga simu London kuomba idhini ya kutumia mizinga, na siku ya pili idhini ikawa mkononi mwake. Asubuhi ya tarehe 27 jumba likapigwa, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Lau jawabu lingalingoja meli, kungalikuwa na majuma ya kushauriana na kupatana. Waya ule haukuwa mkononi mwa Khalid. Hapa yafaa kuzingatia kwamba upesi wa habari humfaa kwanza yule aliyekishika chombo.

Neno simu lenyewe lilitwaliwa kutoka Kiajemi, ambako sim ni fedha na pia ni uzi wa madini. Kamusi ya Madan ya mwaka wa 1903 yaeleza kwamba neno hilo lilitumika kwa chombo cha kupeleka habari kwa umeme, kwa ofisi yake, na kwa habari iliyopelekwa. Kiswahili hakikutengeneza majina matatu. Kiliutaja waya, na waya ukabeba yote. Simu ya kusema kwa mdomo ilipofika, neno halikubadilika, bali liliongezewa maelezo ilipohitajika kutofautisha simu ya maneno na simu ya maandishi. Na pale waya wenyewe ulipotoweka, chombo kikawa cha kuchukuliwa mfukoni, watu wa Unguja waliendelea kusema simu, simu ya mkono. Neno lililokuwa na maana ya waya sasa lataja kitu kisicho na waya, na hakuna msemaji anayeona ajabu.

Malipo ya simu ya maandishi yalihesabiwa kwa neno, na hesabu hiyo ilikuwa na athari zake katika lugha. Kwanza, salamu zilikatwa. Habari ya maradhi au ya msiba ilikuwa ya maneno matatu au manne, hata karatasi ya simu ikawa kitu cha kuogopwa kabla ya kufunguliwa. Pili, umbo la kitenzi cha Kiswahili lilimfaa mlipaji. Neno nimewaona lina mtenda, wakati, kitendo na watendwa, ilhali Kiingereza chahitaji maneno manne kusema hayo; na maadamu herufi hazikuzidi kikomo kilichowekwa na kanuni, neno hilo lililipiwa kama neno moja. Tatu, alama zilizotumika katika waya ule zilikuwa za herufi za Kilatini. Mzee wa Malindi aliyekuwa bingwa wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alihitaji karani wa kumgeuzia maneno yake. Watu wa namna hiyo, wajuzi katika mwandiko wao, walifanywa kama wasiojua kusoma mbele ya dirisha la simu.

Simu ya kusema nayo ilikuwa ya wachache kwa muda mrefu. Ilitaka waya ufike nyumbani na malipo ya kila mwezi. Utawala ulibadilika kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na kwa Muungano wa Aprili mwaka uleule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka wa 1977, na huduma za posta na simu zikawa chini ya shirika la Tanzania. Mwaka wa 1994 kazi ya simu ikatengwa na ya posta, ikazaliwa Kampuni ya Simu Tanzania. Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida hali haikugeuka sana. Waya ulikuwa wa mjini, na mjini kwenyewe ulikuwa wa ofisi, maduka na nyumba za wenye nafasi. Mwanamke wa Makunduchi mwenye mtoto Dubai alimtegemea mtu wa mjini amchukulie habari.

Kampuni ya Zantel ilianzishwa Zanzibar mwaka wa 1999, na baadaye kampuni nyingine zikaingia. Lililofungua mlango halikuwa chombo peke yake, bali namna ya kukilipia. Mtu alinunua vocha kwa fedha aliyokuwa nayo siku ile, akasema mpaka salio likaisha, wala hakudaiwa na yeyote. Minara ikasimama katika vijiji ambavyo waya haukupata kuvifikia, na shamba ikaruka hatua moja nzima ya historia. Mvuvi aliyekaribia Malindi akaweza kuuliza bei kabla ya kushusha samaki; na tangu mwaka wa 2008, zilipoanza huduma za fedha kwa simu, fedha ya mauzo ikaweza kutangulia kufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Udhaifu wake nao ulidhihirika. Waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika Disemba 2009, Unguja ikakaa gizani hata Machi 2010, mwenye jenereta akawa ndiye mwenye simu.

Barua za kompyuta zilifika takriban katika miaka hiyohiyo, kwanza katika vyumba vya intaneti vya Mji Mkongwe ambamo mwenyeji na mtalii walilipa kwa dakika. Kiswahili kikaziita barua pepe, jina linalomkumbusha msikiaji upepo na kupepea. Na kwa mtaa uliongoja barua za kaskazi na kusi kwa karne nyingi, jina hilo halikuwa geni masikioni. Mtandao ni neno lililotokana na kutanda, nalo lilikuwapo zamani kabla ya intaneti. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM, mwaka wa 2009, na EASSy, mwaka wa 2010, zilifika Dar es Salaam, na njia ya habari ikarudi baharini, pale ilipoanzia mwaka wa 1879.

Ujumbe mfupi wa simu ya mkono wastahili kuangaliwa peke yake. Kikomo chake kilikuwa herufi 160, na kila nafasi ilihesabiwa. Simu ya waya ilihesabu maneno. Simu ya mkono ilihesabu herufi. Kiswahili, kilichofaidi kwa hesabu ya kwanza, kikapata hasara kwa hesabu ya pili, kwa kuwa neno lake ni refu. Ndipo vijana wakaandika m2 kwa mtu, wa2 kwa watu, k2 kwa kitu, na cjui kwa sijui. Tarakimu ya 2 husomwa kwa jina lake la Kiingereza, ikatoa silabi ya Kiswahili. Herufi c hali kadhalika. Walimu wengi wameuona mtindo huo kuwa ni uharibifu. Lakini aandikaye m2 ameitambua silabi ya mwisho ya neno lake, akaitafutia alama katika lugha nyingine, na msomaji wake akafahamu mara moja. Huo ni ujuzi wa lugha mbili, wala si upungufu wa mmoja. Kadhalika kubipu, yaani kupiga na kukata kabla ya kupokewa, ni kufikisha maana bila ya kulipia hata herufi moja.

Katika miaka ya karibuni simu zimewezesha kupeleka sauti iliyorekodiwa, na hapo mambo yamegeuka tena. Mzee asiyeandika kwa herufi za Kilatini hahitaji karani. Msemaji wa Kimakunduchi au wa Kitumbatu, ambaye akishika kalamu aghalabu huandika Kiswahili cha shule, husema na jamaa yake kwa lahaja yake mwenyewe, na lahaja hiyo husafiri mpaka Maskati au London kwa muda wa pumzi moja. Salamu ndefu zilizokatwa na waya zimerudi.

Ikiwa ndivyo, kipimo cha methali kimejibiwa katika sehemu mbili. Chombo kimewasogeza watu karibu kuliko wakati wowote, na kimewasogeza walio wengi. Sehemu ya tatu ndiyo yenye shaka: nini kitabaki? Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani zimehifadhi barua za mabalozi na za serikali ya Masultani. Kwa hizo historia ya watawala yaweza kuandikwa. Barua za watu wa kawaida zilibaki katika makasha ya nyumbani, na baadhi yake zapatikana bado. Ujumbe wa simu hauna kasha. Simu hupotea au hufa, nambari isiyotumika hupewa mtu mwingine, na sanduku la barua pepe lililoachwa kwa muda mrefu huweza kufungwa pamoja na yaliyomo. Katika historia yote ya Unguja hapajapata kuwa na wakati ambapo watu wengi kiasi hiki huandika Kiswahili kila siku, na wakati huohuo ndio unaoelekea kuwaachia wanaokuja karatasi chache zaidi.

Hasara hiyo haitamwangukia mtawala, kwa maana barua zake zina makarani wa kuzitunza. Itamwangukia mvuvi, mchukuzi wa bandarini na mama wa Makunduchi, ambao baada ya miaka 120 ya kungoja simu watakuwa wamesema mengi bila ya kusikika na aliye nje ya zama zao. Kwa hiyo hapana budi wanazuoni wa Kiswahili waanze kukusanya jumbe hizo sasa, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa kuficha majina yao. Maandishi yahifadhiwe yalivyo, m2 ibaki m2, wala asitokee msahihishaji wa kuigeuza iwe mtu. Sauti za lahaja ziwekwe pamoja na mahali, umri wa msemaji na mwaka. Kazi hiyo haihitaji majengo makubwa. Yataka uaminifu, na yataka ifanywe kabla simu za kwanza za watu hazijatupwa jaani.