Saketi rejelezi: kuharakisha mashine ya kupasua magogo

Mashine ya kupasua magogo inayofungwa nyuma ya trekta ina nguvu za kutosha, ila mwendo wake unachosha. Katika mashamba ya Ulaya kaskazini na Marekani, ambako kuni za majira ya baridi hupasuliwa kwa wingi, mkulima huunganisha mipira ya mashine kwenye haidroliki ya trekta kuukuu. Pampu ya trekta hiyo iliwekwa kwa ajili ya kuinua jembe, kazi isiyo na haraka, na mara nyingi hutoa lita 20 tu kwa dakika au pungufu.

Tuchukue silinda yenye kipenyo cha milimita 100, fimbo ya milimita 50 na mwendo wa sentimita 60. Kuijaza kunahitaji lita 4.7 za oili, yaani sekunde 14 za kwenda. Kurudi kunachukua sekunde 11 hivi, kwa kuwa upande wa mbele fimbo imekwisha kumeza sehemu ya nafasi. Wengi hufikiria pampu kubwa. Lakini lita 60 kwa dakika kwenye presha ya baa 170 ni kilowati 17 zinazoingia kwenye oili peke yake, mbali na gharama ya pampu, tangi na valvu vipya.

Njia nyingine ni saketi rejelezi. Kwa kawaida pistoni ikisonga mbele, oili iliyo mbele yake husukumwa kurudi tangini. Katika saketi rejelezi oili hiyo huelekezwa kuungana na ile ya pampu, na zote mbili huingia nyuma ya pistoni. Presha ni sawa pande zote, lakini uso wa nyuma ni mpana kuliko wa mbele kwa kiasi cha unene wa fimbo, hivyo pistoni husonga. Pampu inabaki na kazi ya kujaza nafasi ya fimbo tu: lita 1.2, chini ya sekunde 4.

Ndiyo maana nalishikilia neno "rejelezi". Jina la kimataifa limebeba dhana ya kuzalisha upya, na tukilifuata tutapata "saketi zalishi". Fundi ataamini kuna nguvu inayozalishwa, na hakuna. "Rejeshi" nayo inaelekeza tangini, kule kule tunakokukwepa. Kurejeleza tumekwisha kukuzoea kwenye habari za chupa na karatasi: kitu kinatumika tena kabla ya kutupwa. Oili hapa inafanya hivyo hasa.

Kasi hiyo inalipiwa kwa nguvu. Kwenye baa 170 silinda yetu husukuma kwa tani 13.6, lakini ikiwa katika urejelezaji husukuma kwa tani 3.4, ambazo gogo lenye vifundo litazidharau. Kwa hiyo valvu nzuri huhisi presha: kabari ikigusa gogo na presha kupanda, inafunga urejelezaji na kuifungulia oili njia ya tangini, na nguvu yote inapatikana.

Kurudi hakupati nafuu yoyote hapo. Fimbo ya milimita 70 ingepunguza sekunde 11 kuwa 7, lakini ingerefusha mwendo wa urejelezaji hadi sekunde 7 pia. Kwa magogo mafupi ningeacha fimbo ilivyo na kuweka kizuizi, ili pistoni isirudi mpaka mwisho bila sababu.

Jambo linalosahauliwa ni mipira. Katika mfano huu, pampu inatoa lita 20, lakini nyuma ya pistoni zinaingia lita 80 kwa dakika. Kwenye mpira wa nusu inchi hiyo ni kasi ya zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Oili inapata joto na kasi uliyoitafuta inapotea. Valvu ifungwe juu ya silinda yenyewe, kwa njia fupi na pana, ili mipira ya kwenda kwenye trekta ibebe kiasi kilekile cha zamani.

Na kabari iliyoharakishwa haimpi mtu muda wa kutoa mkono. Kiwango cha Ulaya cha mashine hizi, EN 609-1, kinataka mikono yote miwili iwe kwenye vishikio ndipo kabari isogee. Anayeongeza kasi asiviondoe vishikio hivyo. Mpira ukivuja, autafute mvujo kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja: oili ya baa 170 hutoboa ngozi, na jeraha dogo kama la sindano ni la kupelekwa hospitali saa ileile.