Mkono mdomoni: Wakongomani na wimbo wa taifa uwanjani

Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kwenye uwanja wa Ebimpé karibu na Abidjan, Leopards wa Kongo walijipanga mstari mmoja kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji, Kodivaa. Wimbo wa taifa, Debout Congolais, ulipoanza kupigwa, wachezaji waliweka mkono mmoja mdomoni. Mkono wa pili wakauinua na kunyoosha vidole viwili pembeni ya kichwa, mfano wa bastola. Kocha wao Sébastien Desabre, ambaye ni Mfaransa, alifanya vilevile. Wote walivaa kitambaa cheusi mkononi. Wimbo ukaisha, mpira ukachezwa, na Leopards wakafungwa bao moja kwa bure, la Sébastien Haller.

Siku hizohizo watu walikuwa wanaukimbia mji wa Sake, kilometa karibu 25 magharibi mwa Goma. Mapigano ya jeshi na M23 yalikuwa yamefika kwenye vilima vinavyouzunguka mji huo, na barabara ya kuelekea Goma ilijaa magodoro, masufuria na watoto mgongoni. Mshambuliaji Cédric Bakambu alieleza kwenye mitandao kwamba dunia yote inaona mauaji ya mashariki mwa Kongo lakini inanyamaza. Ndiyo maana ya ule mkono mdomoni. Bastola haikuhitaji maelezo.

Kila mara kitu cha namna hii kinapotokea, swali moja linarudi: mtu asiyeimba wimbo wa taifa, je, anaipenda nchi yake? Wengine hulijibu haraka sana. Kwa Kongo, historia ya wimbo huu na ya timu hii inaonyesha kwamba jibu la haraka huwa si sahihi.

Tuanzie mbali kidogo, kwa sababu desturi yenyewe ilitoka mbali. Mechi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kuimbiwa wimbo wa taifa ni ya raga, Wales na New Zealand, mjini Cardiff, tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili 1905. Wageni walicheza ngoma yao ya kivita, haka. Mchezaji wa Wales, Teddy Morgan, akaanzisha wimbo wa kwao, na maelfu ya watazamaji wakaupokea. Hakuna serikali iliyoagiza. Marekani njia ilikuwa nyingine: mwaka 1918, wakati vijana wake wanapigana vita huko Ulaya, bendi ya muziki ilipiga The Star-Spangled Banner katikati ya mechi ya fainali ya beziboli mjini Chicago, na watu wakasimama. Wimbo huo haukuwa bado wimbo rasmi wa taifa. Ulifanywa hivyo mwaka 1931. Basi tangu mwanzo wimbo uliingia uwanjani kwa milango miwili: koo la watu wenyewe, na vita.

Debout Congolais ilizaliwa na uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Waliouandika na kuutunga ni Mjesuiti Simon-Pierre Boka na Joseph Lutumba. Wimbo uko kwa Kifaransa, si kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo wala Tshiluba. Kwa hiyo watoto wengi wa shule waliukariri kabla ya kuuelewa, na wazee wengi wa vijijini wanaujua kwa sauti tu. Anayeuelewa anajua kwamba una ahadi ndani yake: Wakongomani wainue vichwa vilivyoinamishwa na wajenge nchi nzuri kuliko ile ya zamani, katika amani. Hilo neno la mwisho, amani, tutalirudia.

Miaka minane baada ya uhuru, tarehe 21 mwezi wa kwanza 1968, Kongo ilichukua Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, huko Addis Ababa, kwa kuifunga Ghana 1-0. Golini alisimama Robert Kazadi wa TP Englebert, timu ya Lubumbashi inayoitwa leo TP Mazembe. Halafu nchi ikabadilishwa jina. Tarehe 27 mwezi wa kumi 1971 Mobutu aliiita Zaire. Drapo mpya ya kijani, yenye mkono ulioshika mwenge, ikapandishwa. Wimbo nao ukabadilishwa, ukawa La Zaïroise, na walioutunga ni Boka na Lutumba wale wale. Majina ya Kizungu yakakatazwa: Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba. Mwaka 1974 alikuwa bado kipa wa timu ya taifa. Mtu mmoja, kazi moja, nyimbo mbili za taifa. Je, mapenzi yake kwa nchi yalibadilika siku walipombadilishia wimbo?

Wakati huo kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama wa chama cha MPR tangu kuzaliwa, na kuimba ilikuwa kazi ya raia. Kuimbia nchi, kuimbia chama na kuimbia kiongozi vilifanywa kitu kimoja. Wenye umri wanakumbuka.

Mwezi wa tatu 1974, mjini Cairo, Zaire ilichukua Kombe la Afrika kwa mara ya pili. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kananga. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na miaka 50 baadaye hakuna mchezaji aliyekuwa amefikisha idadi hiyo katika Kombe moja la Afrika. Mobutu aliwapokea wachezaji kama watoto wake. Waliahidiwa zawadi kubwa.

Miezi mitatu mbele, timu ilikuwa Ujerumani ya Magharibi, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2-0, na hawakucheza vibaya. Kisha wachezaji wakagundua kwamba pesa zao hazitawafikia. Walitaka kugoma. Walipoingia uwanjani kucheza na Yugoslavia, La Zaïroise ilipigwa kama kawaida, wakasimama kama kawaida, na wakafungwa mabao 9 kwa bure. Katika mechi hiyo Ndaye alitolewa nje kwa kosa la mwenzake, Mwepu Ilunga. Refa alikosea mtu.

Mwepu alieleza miaka mingi baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwaambia wachezaji: mkifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, msirudi nyumbani. Brazil ilifunga matatu. Ni katika mechi hiyo Mwepu alitoka mbio kwenye ukuta wa mabeki na kuupiga mbali mpira wa adhabu ambao ulikuwa wa Brazil. Dunia ilicheka, ikasema Waafrika hawajui sheria za mpira. Mabingwa mara mbili wa Afrika wasijue sheria za mpira! Kwenye televizyo, kabla ya mechi kuanza, walikuwa wanaume kumi na mmoja waliosimama wima mbele ya wimbo wa nchi yao. Hakuna mtazamaji aliyeweza kusoma usoni mwao kipi ni mapenzi na kipi ni woga.

Jambo hilo halikuishia kwa Mobutu. Mwaka 2022 huko Qatar, wachezaji wa Iran walikaa kimya wimbo wao ulipopigwa kabla ya mechi na Uingereza, wakati watu wa kwao walikuwa kwenye maandamano. Siku nne baadaye, kabla ya mechi na Wales, waliimba. Mwenye kusema kwamba walikuwa wazalendo zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza, atuambie alijuaje.

Turudi kwa Ndaye Mulamba, kwa sababu maisha yake wakimbizi watayaelewa kuliko wengine. Mwaka 1994 aliitwa Tunisia kupewa heshima kwenye Kombe la Afrika. Baada ya kurudi nyumbani, watu wenye silaha walimshambulia na kumpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika ya Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumwombolezea, maana habari ilisema amekufa. Alikuwa hai Cape Town, mkimbizi katika mtaa wa watu masikini. Alifariki tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019 mjini Johannesburg. Mtu aliyesababisha wimbo wa Zaire upigwe kama wimbo wa mabingwa alimaliza siku zake nchi ya watu.

Hapa Kivu kuna sababu nyingine ya kuogopa kipimo cha wimbo. Sheria ya mwezi wa kwanza 1972 ilitoa uraia kwa watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya tarehe 29 mwezi wa sita 1981 iliwanyang'anya wengi wao uraia huo. Kati ya miaka hiyo miwili, watoto wa Masisi na Rutshuru walisimama kila asubuhi mbele ya drapo, wakaimba La Zaïroise pamoja na wenzao, benchi moja, mwalimu mmoja. Wimbo haukumkinga yeyote kati yao mbele ya karatasi. Sheria ya 2004 ilijaribu kurekebisha, lakini ubishi juu ya nani ni raia na nani si raia umeendelea kuwa moja ya kuni za moto huu ambao bado unatuunguza. Anayetaka kumpima jirani yake kwa wimbo, akumbuke benchi lile.

Tarehe 17 mwezi wa tano 1997 AFDL iliingia Kinshasa, Zaire ikafa, Debout Congolais ikarudi. Vijana waliozaliwa chini ya Mobutu walilazimika kujifunza wimbo ambao wazazi wao walikuwa wameambiwa wausahau. Wimbo ukarudi, amani iliyomo ndani yake haikurudi. Mwaka uliofuata vita vya pili vilianza, na vilianzia huku mashariki.

Kwa hiyo, walipojipanga Abidjan, wachezaji wa 2024 walikuwa mbele ya wimbo uliowahi kufutwa na kurudishwa, wenye ahadi ambayo watu wa Sake hawajaiona. Na wengi wao hawakuzaliwa Kongo. Bakambu, Arthur Masuaku, Yoane Wissa na Gaël Kakuta ni wazaliwa wa Ufaransa. Bakambu na Kakuta walichezea hata timu za vijana za Ufaransa kabla ya kuchagua Kongo. Kapteni Chancel Mbemba ni mtoto wa Kinshasa. Hakuna kati yao aliyelala chini ya shitingi Bulengo au Kanyaruchinya. Lakini walijua kwamba dakika ile ya wimbo ndiyo pekee ambapo kamera zinapita usoni mwa kila mchezaji, na dunia inatazama bila kuzungumza. Tommie Smith na John Carlos walilijua hilo Mexico mwaka 1968, walipoinua ngumi zenye glavu nyeusi wimbo wa Marekani ukipigwa. Wao walifukuzwa kwenye Michezo ya Olimpiki.

Kulikuwa na tofauti kubwa, hata hivyo. Smith na Carlos waliilaumu nchi yao mbele ya wimbo wake. Leopards waliisemea nchi yao, wakitumia wimbo huo huo kuilaumu dunia. Siku chache baadaye Kinshasa waandamanaji walichoma drapo za Marekani na Ubelgiji barabarani, kwa hasira ileile, lakini kwa njia ambayo haikumsaidia mtu yeyote wa kambi. Ishara ya wachezaji haikuvunja kioo cha mtu. Ilifika mbali zaidi.

Haikusimamisha vita pia, na lazima isemwe. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, kisha Bukavu. Kambi za kando ya Goma zikabomolewa, na familia zilizokuwa zimetoka Sake, Masisi na Rutshuru zikafunga mizigo tena. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo, mjini Rabat, Leopards waliitoa Kameruni 1-0 kwa bao la Mbemba, na siku tatu baadaye wakaitoa Nigeria kwa penalti, wakiitafuta njia ya Kombe la Dunia ambalo Kongo haikuwa imelicheza tangu 1974. Mechi hizo zilifuatwa Goma na Beni, Nakivale huko Uganda, na Musenyi huko Burundi. Wengi walizifuata kwa redio, na redio haimwonyeshi mtu aliyesimama wakati wa wimbo, wala aliyekaa, wala aliyeweka mkono mdomoni.