Kuicheza Vita: Beni Kandokando ya Reli ya Kati

Mwaka 1913 H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupiganisha sanamu ndogo za askari sakafuni. Wakati huohuo pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mchezo wake wa vita, ila askari walikuwa wachezaji wenyewe. Mchezo huo ni beni. Wanachama wa Marini na Arinoti walivaa sare, walipiga gwaride, walipeana vyeo vya kijeshi, kisha walishindana hadharani kwa nyimbo, mavazi na karamu.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 kupitia Manyoni, na njia hiyo ndiyo iliyowapeleka bara makarani, askari na vibarua walioieneza ngoma hii. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, anakataa kuiona beni kuwa uigaji mtupu wa Wazungu. Anaihusisha na mashindano ya kale ya ngoma za pwani. Nakubaliana naye. Hata hivyo, linabaki swali: kwa nini watu walioumizwa na vita ya 1914–1918 waliichagua vita kuwa burudani? Katika vita halisi mpagazi alibeba mzigo bila cheo. Katika beni aliweza kuitwa jenerali, na cheo hicho alipewa na wenzake, si na serikali. Maofisa wa Kiingereza waliuhofia mtandao wa vyama hivi uliounganisha mji na mji. Kwa hiyo mtafiti wa Manyoni hana budi kuuliza kwanza nani alipewa cheo gani, na nani alimpa.